Injini Mpya ya Nitro Inataka Joto

Toa injini mpya ya kigari cha rimoti kinachotumia mafuta ya nitro kwenye boksi lake, shika flaiwili kwa vidole viwili, uizungushe taratibu. Sehemu kubwa ya mzunguko inakwenda bila taabu. Pistoni ikikaribia juu kabisa ya silinda, injini inagoma: inabana, inatoa mlio mkavu, na katika injini nyingine inakwama kiasi kwamba vidole havitoshi tena. Mnunuzi asiyejua hudhani ameuziwa mali mbovu. Kumbe kubana huko ndiko alikolipia. Ni dalili kwamba pistoni na silinda vimechongwa kwa kukaribiana sana, na namna mwenye injini atakavyoshughulika na kubana huko katika matangi machache ya kwanza ndiyo itakayoamua kama injini itadumu msimu mmoja au misimu mingi.

Ushauri unaotolewa mara nyingi kuhusu matangi hayo ya kwanza ni huu: iwashe, ifungulie mafuta mengi, iache ingurume kwenye sailensi bila kwenda popote, hakikisha inabaki baridi, rudia mpaka matangi mawili matatu yaishe. Unasikika kama ushauri wa mtu mwangalifu, na umerithishwa kutoka kwa mpenzi mmoja wa magari ya rimoti hadi mwingine kwa miaka mingi. Mimi nashikilia kwamba una kosa katikati yake. Injini ya aina hii huzoeshwa ikiwa katika joto lake la kazi, na kila dakika inayozunguka ikiwa baridi inaliwa bure. Upole unahitajika kweli, ila mahali pake ni kwenye resi na kwenye mzigo. Joto linatakiwa liachwe lipande.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue injini moja mahususi: ile ya inchi za ujazo 0.21, yaani karibu sentimita za ujazo 3.5, inayofungwa kwenye magari ya kipimo cha 1 kwa 8, yale yanayoruka matuta kwenye viwanja vya udongo. Injini za namna hii zimetengenezwa kwa miaka mingi Japani na Italia. Kampuni ya O.S. Engines, iliyoanzishwa na Shigeo Ogawa huko Osaka mwaka 1936, ni miongoni mwa majina makongwe kabisa katika kazi hii. Pistoni yake ina kipenyo cha milimita 16 hivi, haifiki hata unene wa kidole gumba. Lakini inazunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika, maana yake pistoni inapanda na kushuka mara 500 katika kila sekunde. Ni injini ya mapigo mawili, haina vali, na haina karta ya oili. Inapata ulainisho wake kutoka kwenye mafuta yenyewe, kama zinavyofanya injini za mashua ambazo wavuvi wa Pwani na wa Ziwa Victoria huchanganyia oili ndani ya petroli. Tofauti ni kwamba hapa hakuna petroli: mafuta ni methanoli, nitromethani, na oili ambayo mara nyingi ndani yake mna mafuta ya nyonyo.

Kuna jambo jingine linaloitenga na injini nyingi tunazozijua. Pistoni yake haina ringi. Kwenye gari, kwenye pikipiki, hata kwenye mashine ya kusaga, pistoni huachiwa nafasi ndani ya silinda na ringi ndizo zinazoziba nafasi hiyo. Kwenye injini ya nitro ya 3.5 hakuna cha kuziba ila ukaribu wa metali kwa metali. Pistoni ni ya alumini iliyochanganywa na silikoni nyingi ili isitanuke ovyo inapopata moto. Silinda, au silivu kama mafundi wanavyoiita, ni ya shaba ya njano, ile ya makufuli na mabomba ya bafuni, ikiwa imepakwa kromu ngumu kwa ndani. Na silivu hiyo haijanyooka. Imechongwa kwa makusudi ikiwa nyembamba kidogo juu kuliko chini, na hapo ndipo pistoni ya injini baridi inapobanwa.

Kwa nini mtengenezaji achonge silinda iliyopinda? Kwa sababu injini ikifanya kazi, sehemu ya juu ya silivu ndiyo inayopokea moto, wakati sehemu ya chini inapozwa na mafuta mabichi yanayoingia. Shaba ya njano hutanuka karibu sehemu 19 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kwa silivu ya milimita 16 iliyopanda joto kwa nyuzi 80, kipenyo huongezeka kwa takriban milimita 0.024, kama theluthi ya unene wa unywele mmoja. Kwa macho si kitu. Kwa pistoni inayopita hapo mara mamia kwa sekunde, ndiyo tofauti kati ya kupita na kusuguliwa. Injini ikifikia joto lake, juu ya silivu panatanuka, mteremko unapotea, na silinda inakuwa karibu nyoofu. Yaani umbo alilolikusudia mtengenezaji halipo mezani injini ikiwa baridi. Linatokea tu injini ikiwa moto.

Ukilikubali hilo, hoja iliyobaki inajileta yenyewe. Kuzoesha injini ni kuziacha nyuso mbili zilizochongwa kiwandani zisuguane kidogo mpaka zikae pamoja. Swali ni moja tu: zikae pamoja katika umbo gani? Zikisuguana wakati silivu ingali nyembamba juu, kromu haiondoki, kwa kuwa ni ngumu kuliko alumini; kinacholiwa ni ukingo wa juu wa pistoni. Pistoni inapunguzwa mpaka itoshe kwenye silinda baridi. Baadaye injini hiyo ikiendeshwa kwa kasi na kupata joto lake halisi, silivu inatanuka na kuiacha pistoni iliyokwisha kupunguzwa ikielea. Mgandamizo unavuja, sailensi inayumbayumba, injini inawaka vizuri ikiwa baridi kisha inakataa kuwaka ikiwa moto. Mwenyewe anashangaa, kwa kuwa aliitunza kama yai.

Hasara ya pili iko chini zaidi, kwenye konrodi. Kila mara pistoni inapofika juu na kubanwa, krenkshafti inabidi iing'oe pale na kuivuta chini, na kinachovutwa ni kijiti chembamba cha alumini chenye bushi ndogo kwenye ncha zake. Injini iliyo kwenye sailensi kwa mizunguko 10,000 kwa dakika inakipa kijiti hicho mivuto 10,000 kila dakika. Ikiwa moto, mivuto hiyo ni myepesi. Ikiwa baridi, kila mmoja ni wa kung'oa. Tangi zima la kunguruma baridi linaweza kuchosha bushi za konrodi kabla gari halijatembea hata mita moja, na konrodi ikikatika haikatiki peke yake: huchana na silivu.

Kinachofanya injini ibaki baridi kwenye ushauri ule wa zamani ni mafuta mengi, na hapa inafaa tuelewe mafuta haya yanavyofanya kazi. Petroli inahitaji kilo 14.7 hivi za hewa kuunguza kilo moja. Methanoli inahitaji kilo 6.4 tu, na nitromethani, ambayo imebeba oksijeni ndani ya molekuli zake, inahitaji kama kilo 1.7. Kwa hiyo katika pumzi ile ile moja ya hewa injini ya nitro humeza mafuta mengi zaidi kuliko ya petroli, na ndiyo sababu injini ndogo namna hii hutoa nguvu kubwa namna hii. Lakini methanoli ina tabia nyingine: inapogeuka mvuke hunyonya joto karibu mara tatu ya petroli kwa uzito ule ule. Kila tone la ziada unalolifungulia kwenye sindano ya kabureta linapoza injini. Mafuta ndiyo kipozeo kikuu cha injini hii, kuliko hata mapezi ya alumini yaliyo kwenye kichwa chake. Anayefungulia sindano kupita kiasi anaimwagia injini maji ya baridi kutoka ndani.

Mafuta yanaathiri pia uwashaji wenyewe. Injini hii haina cheche. Ina kitu ambacho mafundi wa magari ya dizeli watakitambua kwa jina la hita plagi, ila hapa kazi yake ni tofauti. Ndani yake mna waya mdogo uliosokotwa, wenye platinamu. Mwaka 1823 mkemia Mjerumani Johann Döbereiner alionyesha kwamba platinamu inaweza kuiwasha gesi ya haidrojeni bila kiberiti, kwa kuigusa tu. Na mwaka 1947 Mmarekani Ray Arden alianza kuuza plagi inayotumia tabia kama hiyo ya platinamu, safari hii kwa mvuke wa methanoli. Unaupasha waya kwa betri ya volti 1.5 hivi, injini inashika, unaondoa betri, na kuanzia hapo methanoli na mgandamizo vinauweka waya mwekundu vyenyewe. Petroli haina tabia hiyo juu ya platinamu, ndiyo maana kuijaribu kwenye injini hii ni kupoteza muda. Na mafuta yakizidi, waya unazimwa kwa kuloweshwa. Injini inakohoa, inawaka mzunguko mmoja na kuruka mwingine, inakufa. Mwenyewe anavuta kamba tena na tena, kila mvuto ukiing'oa pistoni kutoka kwenye mbano wa baridi.

Basi injini mpya inawashwaje? Kwanza inapashwa. Mashine ya kukaushia nywele au bunduki ya hewa ya moto inatosha: elekeza kwenye kichwa cha injini mpaka kifike nyuzi 80 au zaidi kidogo. Joto hilo lipime kwa kipimajoto cha kuelekeza, cha aina iliyozoeleka milangoni wakati wa Korona, ingawa inabidi kiwe cha viwandani kwa kuwa kile cha mwili hakivuki nyuzi arobaini na kitu. Pima pale plagi inapokaa. Ukizungusha flaiwili sasa utahisi mwenyewe kwamba pistoni inapita juu kwa ulaini zaidi. Vuta mafuta mpaka yaonekane yamefika kwenye kabureta kupitia mrija, kisha acha. Usiendelee kuyavuta, kwa kuwa mafuta yakijaa juu ya pistoni hayagandamiziki, na stata yenye nguvu itapinda konrodi. Ikitokea injini imekwama kwa mafuta, fungua plagi, pindua gari, zungusha flaiwili mpaka yamwagike yote. Wenye injini za kamba wasiivute kamba hadi mwisho. Mivuto mifupi ya sentimita 30 inatosha, na kamba itadumu.

Ikishawaka, iache kwenye sindano alizoziweka mtengenezaji, angalia moshi, angalia kipimajoto. Unachotafuta ni kichwa chenye nyuzi 90 hadi 105, moshi wa samawati unaoonekana wazi ukitoka kwenye ekzosi, na sauti iliyojaa mafuta kidogo lakini isiyokatika-katika. Kama joto linagoma kupanda, funga sindano ya resi za juu kwa sehemu ndogo sana, kama moja ya nane ya mzunguko, usubiri, upime tena. Mahali pa baridi wapo wanaofunika kichwa cha injini kwa karatasi ya alumini ili kihifadhi joto. Dar es Salaam au Mombasa ni nadra kuhitaji hivyo. Dakika chache juu ya stendi zinatosha kuona kwamba hakuna kinachovuja, kisha gari lishuke chini. Matairi yakiwa hewani injini haina mzigo, na ukigusa mafuta resi zinaruka juu kuliko zitakavyowahi kufika barabarani. Chini, iendeshe kwa kugusa na kuachia: sekunde mbili za mafuta nusu, iachie itulie, tena, mviringo, nane, bila kushikilia resi za juu. Kila tangi, ongeza kidogo. Kila baada ya tangi, izime na uiache ipoe kabisa.

Kuhusu huko kupasha na kupoza, wapo wanaoamini kwamba ndiko kunakoimarisha metali yenyewe, kama fundi mhunzi anavyofanya na chuma. Sioni ushahidi wa kutosha wa hilo. Joto linalopimwa kwenye kichwa ni dogo kwa kubadilisha shaba au alumini kwa namna hiyo. Wala hoja yangu hailitegemei. Faida ya kupoza ninayoweza kuieleza ni kwamba sehemu zinazosuguana kwa mara ya kwanza hujitengenezea joto la ziada mahali padogo, na mapumziko yanalizuia lisilundikane. Kupoza kunakupa pia nafasi ya kukaza skrubu, kwa kuwa kila kitu kwenye injini mpya hulegea baada ya joto la kwanza.

Jambo moja dogo hapa lina uzito kuliko ukubwa wake. Unapoizima, zungusha flaiwili mpaka pistoni iwe chini. Ukiiacha juu, silivu itapoa na kusinyaa ikiwa imeikumbatia pistoni pale pembamba, na kesho yake utaikuta imekwama. Wengi huweka alama ya rangi kwenye flaiwili ili waone pistoni ilipo bila kufungua chochote.

Sasa kuna pingamizi, na la kwanza ni zito: mbona vitabu vya maelekezo vya baadhi ya watengenezaji vyenyewe vinasema iache ingurume ikiwa na mafuta mengi? Mtengenezaji anamjua msomaji wake. Anaandika kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kugusa sindano ya kabureta, na anajua kwamba mtu huyo akikosea kwa kufunga mafuta sana, injini itanoki ndani ya dakika moja na atadai fidia. Akikosea kwa kufungulia mno, injini itachakaa polepole na hakuna atakayejua sababu. Kati ya makosa hayo mawili, kitabu kinachagua la pili, na ukiwa huna kipimajoto hata mimi nitakuambia ulichague hilo. Lakini wakati kipimajoto cha kuelekeza ni kifaa cha bei ndogo ukilinganisha na injini, hakuna sababu ya kuendelea kukisia. Tena si vitabu vyote vinavyosema neno moja. Traxxas ya Marekani, kwa mfano, inaelekeza matangi matano ya kwanza yaendeshwe gari likitembea chini, kwa kugusa mafuta kwa utaratibu uliopangwa na kupumzika kati ya tangi na tangi. Huo si utaratibu wa kuiacha ingurume.

Pingamizi la pili linatoka gereji. Fundi wa magari atakuambia injini mpya haipashwi moto. Inapelekwa taratibu, kilomita za mwanzo bila kukanyaga. Anasema kweli kuhusu injini anayoijua. Injini ya gari ina ringi, ina pampu ya oili, ina maji ya kupozea yenye themostati, na nafasi kati ya pistoni na silinda ipo tangu injini ikiwa baridi. Tena themostati yenyewe inashuhudia upande wangu: kazi yake ni kuyazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, kwa kuwa hata injini ya gari huchakaa zaidi ikiwa baridi. Injini ya nitro haina themostati. Kazi hiyo inafanywa na mtu aliyeshika bisibisi.

La tatu linahusu oili. Kwa kuwa oili imo ndani ya mafuta, anayepunguza mafuta amepunguza na ulainisho, na injini mpya ndiyo inayouhitaji kuliko zote. Ni hoja ya kweli, na ndiyo inayoweka dari juu ya ninachokisema. Ninataka joto la kazi, sitaki joto la kuungua. Kichwa kikivuka nyuzi 130 wakati wa kuzoesha, zima. Moshi ukipotea, zima hata kama kipimajoto kinasema nyuzi 95, kwa sababu moshi ndio ushahidi kwamba oili inapita. Waya wa plagi ukitoka na rangi ya kijivu iliyofifia na umejikunja, mafuta yalikuwa machache. Na anayetaka usalama zaidi achague mafuta yenye oili nyingi kwa matangi ya mwanzo. Kwa namna hiyo anapata ulainisho bila kuizamisha injini. Tatizo la ushauri wa zamani ni kwamba ulitafuta oili kwa njia ya kuongeza kila kitu, na pamoja na oili ukaleta baridi.

Hapa ndipo msomaji wa nyanda za juu za Afrika Mashariki anapohusika moja kwa moja. Sindano zinazotoka kiwandani zimewekwa kwa hewa ya mahali palipo karibu na usawa wa bahari, na kwa makusudi zimewekwa na mafuta ya ziada. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, Kigali mita 1,500 hivi. Katika mwinuko huo hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ikilinganishwa na ya pwani. Injini inavuta hewa pungufu kwa kila mzunguko, lakini mafuta hayapungui kwa kiwango kile kile. Sindano iliyokuwa na mafuta mengi Osaka inakuwa imefurika Nairobi. Anayefuata kitabu neno kwa neno huko juu anaizoesha injini ikiwa baridi kuliko hata mwandishi wa kitabu alivyokusudia, na hapo kuhesabu mizunguko ya sindano hakumsaidii. Kipimajoto kitamwambia ukweli popote alipo.

Sheria ya nitromethani nayo imebadilika. Tangu Februari 2021 Umoja wa Ulaya umezuia mafuta yenye zaidi ya asilimia 16 ya nitromethani kuuzwa kwa raia wa kawaida bila kibali, kwa kuwa kemikali hiyo inaweza kutumika kutengenezea milipuko. Waliozoea chupa za asilimia 25 walijikuta na mafuta yanayohitaji hewa nyingi zaidi kwa kila tone. Kwa sindano ile ile, mchanganyiko unakuwa mzito na injini inapoa. Ushauri wa hesabu za sindano ulioandikwa zamani ukapitwa na wakati kwa mara moja; ushauri wa joto umebaki ulivyo.

Linabaki pingamizi la wakimbiaji mashindano, ambao baadhi yao huiwasha injini mpya asubuhi na kuikimbiza mchana. Wengine hununua injini iliyokwisha kuzoeshwa kwa mashine kabla ya kufika dukani, na wengine wana injini nyingine tatu kwenye sanduku. Hawathibitishi kwamba kuzoesha hakuna maana. Wanathibitisha kwamba mtu anaweza kununua njia ya kuepuka kazi hiyo. Kwa anayenunua injini moja kwa akiba ya miezi, na kuagiza mafuta kutoka mbali kwa sababu hayapatikani kwenye kituo chochote cha petroli, hesabu ni tofauti. Matangi sita ya kuzoesha kwenye gari lenye tangi la mililita 125 ni robo tatu ya lita. Hiyo ndiyo gharama yote.

Neno moja kuhusu methanoli yenyewe, na nalisema kwa uzito wote. Haina rangi, mwali wake mchana hauonekani kwa urahisi, na kuinywa hata kidogo kunaweza kupofusha au kuua. Mwezi Mei 2014 pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu nchini Kenya. Mafuta ya nitro yasihamishiwe kwenye chupa ya soda hata kwa siku moja, yasikae nyumbani mahali mtoto anapofika, na injini isiwashwe ndani ya chumba. Vaa glovu unapojaza tangi, kwa kuwa methanoli hupita kwenye ngozi.

Methanoli hiyo hiyo hunyonya unyevu kutoka hewani, na mabaki ya nitromethani iliyoungua huacha asidi. Injini iliyozoeshwa kwa uangalifu kisha ikaachwa wiki mbili na mafuta ndani yake hushika kutu kwenye beringi, na kwenye hewa ya pwani haingoji hata wiki mbili. Mwisho wa siku maliza tangi lote, washa tena mpaka mafuta ya kwenye mrija yaishe, fungua plagi, tia matone machache ya oili ya kuhifadhia kwenye tundu lake na mengine kwenye mdomo wa kabureta. Zungusha flaiwili mara kumi hivi, shusha pistoni chini, rudisha plagi, na safisha chujio la hewa ulitie oili upya, kwa sababu vumbi likipita hapo litakula kwa saa moja kile ulichokilinda kwa matangi sita.